Shemeji, mali kauli na programu ya hesabu

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, Morogoro, mwaka wa saba sasa. Tulianza na saruji, misumari na mabati machache. Leo tunauza nondo, rangi, mabomba, waya wa umeme, kufuli, karibu kila kitu ambacho fundi hukikumbuka akiwa ameshapanda juu ya paa. Mwaka jana duka lilikuwa linauza kama milioni 7 kwa mwezi. Mwaka huu watu wanajenga sana huku kwetu, tumefika milioni 9.

Januari tulifungua tawi Dumila. Anayeuza kule ni mdogo wake mume wangu. Hatukumwajiri kwa maandishi wala hatumlipi mshahara. Ni mtu wa nyumbani, anakula humo humo dukani, tukasema biashara ikisimama tutakaa naye tuzungumze. Shida yangu imeanzia hapo.

Mwisho wa Juni nilikaa nikafunga hesabu ya nusu mwaka. Tangu tufungue nimepeleka Dumila mzigo wa milioni 38 kwa bei ya kununulia. Fedha iliyorudi mkononi mwangu, taslimu na ya simu, ni milioni 31. Nilikwenda mwenyewe nikahesabu mzigo uliobaki, ni wa kama milioni 6. Maana yake mzigo wa milioni 32 umetoka na mimi nimepata 31. Faida sijaiona hata shilingi, na mtaji umepungua milioni moja. Na bei zetu tunaongeza kama asilimia 12 juu ya bei ya kununulia!

Shemeji ana daftari lake la mali kauli. Wakulima wanachukua mabati na saruji, wanasema watalipa wakivuna. Nililijumlisha juu juu nikapata milioni 3 na laki moja. Pango la laki na nusu kwa mwezi analitoa dukani, na vibarua wa kushusha mzigo wanakula kama laki moja kwa mwezi. Yote hayo anayo kichwani. Wateja wanaolipa kwa simu wanatuma kwenye namba yake mwenyewe.

Silali, Mama. Siwezi kumwambia mume wangu kwamba mdogo wake anatuibia, na kunyamaza nako siwezi. Nimeamua ninunue programu ya hesabu ili kila kinachouzwa Dumila nikione kwenye simu nikiwa Kihonda, asiweze kuficha kitu. Nimeletewa tatu na zimenichanganya.

Mtoto wa dada yangu, yuko chuo, anasema nichukue QuickBooks ya mtandaoni, unalipia kwa dola kila mwezi. Jirani yangu mwenye duka kubwa anatumia Tally, anasema atanipa bure kwenye flashi, fundi wake atakuja kuifungua. Ya tatu ni kijana aliyepita dukani na mfumo wake wa Kiswahili unaotumika kwenye simu. Anataka laki 9 mara moja, halafu elfu 20 kila mwezi ya huduma.

Mwaka jana TRA walitukadiria kwa mauzo, tukalipa, hatukuwa na tatizo. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, tunayo Kihonda, na ya Dumila tunayo pia. Naomba uniambie nichukue ipi. Elimu yangu ni ya kidato cha nne lakini hesabu sizikimbii.

Mwenye duka, Kihonda

JIBU

Marahaba mwanangu. Ni kweli hesabu huzikimbii: umehesabu mzigo kwa mkono wako na umeandika namba zote. Ndiyo maana nimeweza kukaa nazo jioni nzima. Nitakuambia programu ipi, lakini kwanza tuzungumze habari ya shemeji yako. Umeandika kwamba anawaibia, na namba ulizoniletea hazisemi hivyo.

Chukua kalamu. Mzigo uliotoka Dumila ni wa milioni 32 kwa bei ya kununulia. Ukiongeza asilimia 12, ulitakiwa uuzwe kwa milioni 35 na laki 8 na elfu 40. Umepokea milioni 31. Pengo ni milioni 4 na laki 8 na elfu 40, kubwa kuliko ile milioni moja iliyokuwa inakunyima usingizi. Sasa tulijaze. Mali kauli, ambayo imeandikwa kwa bei ya kuuzia, ni milioni 3 na laki moja. Pango la miezi sita ni laki 9. Vibarua wa miezi sita ni laki 6. Jumla milioni 4 na laki 6. Kinachobaki bila maelezo ni shilingi 240,000.

Gawa kwa miezi sita. Ni elfu 40 kwa mwezi.

Mwanamume mzima anafungua duka lenu asubuhi, analifunga usiku, analinda mzigo wa mamilioni, na hana mshahara. Mlimwambia ale humo humo. Katika hiyo elfu 40 toa chakula chake, toa misumari iliyopimwa ikazidi kidogo, toa fundi aliyepunguziwa mia tano ili asiende duka la pili. Mimi sioni mwizi hapo. Namwona mtu anayeishi kwa shida katika duka la kaka yake. Biashara nayo imepata faida: jumlisha milioni 31 ulizopokea na milioni 3 na laki moja zilizoko kwa wakulima, toa milioni 32 za mzigo, unabaki na milioni 2 na laki moja baada ya pango na vibarua. Tatizo ni kwamba faida yote hiyo, na milioni moja ya mtaji juu yake, iko kwenye mapaa ya watu Dumila. Na kama mngekuwa mnamlipa shemeji laki 2 kwa mwezi, faida halisi ya tawi ingekuwa laki 9 tu kwa nusu mwaka. Hiyo ndiyo namba ya kuijadili na mumeo usiku.

Nimeanza na hili kwa sababu litaamua unanunua nini. Mtu anayenunua programu ili amnase mtu huishia kutazama mauzo ya siku kwenye simu saa zote. Muuzaji akijua anatazamwa na hana mshahara, ataandika anachotaka uone. Programu inasoma kilichoandikwa tu. Saruji ikitoka kwa mlango wa nyuma bila kuandikwa, skrini yako Kihonda itaonyesha kwamba ipo, na utaiamini mpaka siku ya kuhesabu. Kuhesabu mzigo kwa mkono hakuna programu itakayokufanyia. Kwa hiyo ninachokutafutia ni kitu cha kuziba matundu yako matatu: mali kauli iliyo katika daftari moja na kichwa kimoja, gharama zinazolipwa dukani bila kuandikwa, na fedha ya simu inayoingia kwa mtu binafsi. La tatu halihitaji programu hata kidogo. Omba lipa namba ya biashara kwa jina la duka, moja Kihonda na moja Dumila, ili kila mwisho wa mwezi uchukue taarifa ya miamala na kuilinganisha na mauzo. Fanya wiki hii.

Kuna tundu la nne ambalo hukuliona, la kodi. Mwaka jana mliuza kama milioni 84 mkatozwa kwa mauzo, kwa sababu mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100 ndiye anayetozwa kwa njia hiyo. Mwaka huu, kwa nusu mwaka tu, Kihonda imeshauza milioni 54 na Dumila milioni 35 na laki 6, pamoja na za mkopo na zilizolipia pango na vibarua. Hiyo ni milioni 89 na laki 6, na bado miezi sita kwa maduka yote mawili. Milioni 100 mtaivuka. Ukiivuka, kodi ya mapato inatozwa kwenye faida, kwa hesabu zilizoandaliwa, na viwango vya mtu binafsi vinapanda hadi asilimia 30. Mauzo yenu yanaonekana tayari kwa sababu EFD inayatuma TRA yenyewe. Manunuzi na gharama hakuna atakayekuandikia. Laki 6 za vibarua zisizo na karatasi yenye majina na sahihi, pango lisilo na mkataba, saruji iliyonunuliwa bila risiti: mbele ya afisa wa kodi vyote hivyo ni vigumu kuvitetea, na kisichotetewa kinahesabiwa kuwa faida. Na tangu Julai 2023 kizingiti cha kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kimekuwa mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Kwa mwendo wenu mtafika milioni 179 au zaidi, na msimu wa ujenzi ukichangamka mwakani mtakuwa ndani. Usinunue kitu kitakachokufaa Desemba halafu kikushinde mwaka unaofuata.

Sasa hizo tatu. Nianze na ya jirani, kwa sababu ni rahisi. Ikatae. Tally yenyewe ni programu nzuri, imetengenezwa Bengaluru, India, na maduka mengi ya jumla Afrika Mashariki yanaitumia kwa sababu inakaa kwenye kompyuta yako bila kuhitaji intaneti na inajua habari za stoo. Lakini ya kwenye flashi ni ya kuvunjwa kufuli. Ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Nje ya sheria kuna hatari ya kila siku: anayeivunja kufuli ameingiza mkono ndani ya programu, na hujui ameacha nini humo. Haipati masahihisho, na siku ikigoma huna wa kumpigia. Umefanya kazi miaka saba. Kumbukumbu zake usiziweke kwenye flashi ya mtu. Ukiitaka Tally, nunua leseni kwa wakala anayeruhusiwa kuiuza. Mshukuru jirani, na umwombe kitu chenye thamani zaidi: akukalishe dukani kwake saa mbili uone anavyoitumia.

Ya mtoto wa dada yako. QuickBooks ya mtandaoni ni mfumo wa kihasibu hasa, na mhasibu yeyote utakayempa mwisho wa mwaka ataielewa. Wasiwasi wangu kwako ni mambo mawili. Unalipa kwa dola, na wewe unauza kwa shilingi. Bei ya kwenye tovuti leo si bei utakayolipa mwakani. La pili, inataka mtandao wakati wote, na Dumila siku umeme umekatika na bando limeisha, shemeji atarudi kwenye daftari na kusema ataingiza kesho. Kesho hiyo ndiyo inayoua hesabu za maduka. Ongeza kwamba mtengenezaji anaweza kubadilisha mawazo. Wako wahasibu waliotumia QuickBooks ya kwenye kompyuta miaka nenda rudi, na mwaka 2024 kampuni ya Intuit iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo yake ya Pro na Premier. Si kosa, ni biashara yao. Ila inakufundisha kwamba hata jina kubwa si ndoa.

Kijana wa mfumo wa Kiswahili ndiye ninayemfikiria zaidi. Wapo vijana wetu wanaotengeneza vitu vizuri kwa sababu wamekulia dukani wanajua robo kilo ni nini, na wapo wanaouza picha nzuri za skrini. Huwezi kuwatofautisha kwa maneno. Mwite tena, lakini siku hiyo usimwache akuonyeshe anachotaka yeye. Uongoze mtihani wewe.

Anza na misumari. Mwambie: nimenunua katoni ya kilo 25 kwa elfu 75. Nauza kilo kwa elfu 3 na mia 5, robo kwa elfu moja, na fundi wangu wa siku zote namuuzia katoni nzima kwa elfu 82. Ingiza katoni mbili, niuzie robo tatu, kilo mbili na katoni moja, halafu nionyeshe kilichobaki na faida niliyopata. Kaa kimya umtazame. Jibu unalijua kabla yake: kilo 50 toa kilo 27 na robo tatu, zimebaki kilo 22 na robo moja. Mauzo ni elfu 92. Misumari iliyotoka, kwa elfu 3 kila kilo, ilikugharimu shilingi 83,250, kwa hiyo faida ni 8,750. Mfumo mwingi mzuri kwa macho unaanguka hapa, kwa sababu umetengenezwa kwa duka la sabuni na soda, mahali ambapo unachonunua ndicho unachouza. Duka la vifaa vya ujenzi linanunua rola na kuuza mita, linanunua ndoo na kuuza galoni. Nondo ukizichukua kwa tani, za milimita 12 na urefu wa mita 12 zenye kipimo kamili, ni vipande 93 au 94, na unauza kimoja kimoja. Mfumo usiojua kubadilisha kipimo utawafanya muandike uongo tangu siku ya kwanza, tena bila mwizi yeyote. Muuzaji atabonyeza moja akimaanisha robo, stoo itapungua katoni, na mwezi wa pili mtaacha kuiamini.

Hapo hapo muulize saruji. Mifuko 100 kwa elfu 15, wiki ya pili mifuko 100 kwa elfu 16. Muuze mfuko mmoja: gharama yake ni ipi? Akikuonyesha 15,500, yaani wastani, sawa. Akikuonyesha kwa utaratibu kwamba ile ya kwanza ndiyo inatoka kwanza kwa elfu 15, sawa pia. Akikuambia bei ya kununulia unaiandika mwenyewe popote unapotaka, huo ni mfumo wa risiti tu, haujui faida.

Kisha mali kauli. Uza mabati 20 kwa mkulima, apunguze deni kidogo leo, kidogo baada ya wiki tatu. Mfumo ukupe orodha ya wanaodaiwa, kila mmoja tangu lini, nani amepita siku 30, nani 90. Hiki ndicho unachohitaji kuliko kingine chochote. Kosea mauzo makusudi, halafu mwambie afute. Kama yanafutika yakapotea kabisa, kataa. Kinachotakiwa ni mauzo yaliyokosewa kubaki yanaonekana, pamoja na jina la aliyeyarekebisha na saa. Hilo linamlinda shemeji yako kama linavyokulinda wewe, maana siku kitu kimepotea hatashukiwa kwa hisia. Zima data kwenye simu, uza vitu vitatu, washa tena, tazama kama vimefika. Na muulize EFD: risiti ya mashine na mauzo ya mfumo yanaungana, au shemeji ataandika kila kitu mara mbili? TRA wanaruhusu risiti kutolewa kupitia programu iliyosajiliwa badala ya kile kimashine. Kama mfumo wake umeunganishwa, akuonyeshe risiti halisi. Kuandika mara mbili hakudumu. Mchana wa wateja wengi, mashine itashinda na mfumo utaachwa.

Mwisho wa mtihani, mwambie akupe data yote, wateja, madeni, mzigo na mauzo, kwenye faili la Excel, hapo hapo, kwenye simu yako. Hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa na mteja mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo, mama mchapakazi kama wewe. Alinunua mfumo kwa mtu mmoja, data ikawa inakaa kwa huyo mtu. Baada ya miaka miwili yule mtu aliacha biashara, simu haipatikani, mfumo haufunguki. Tulikaa wiki tatu sakafuni, mimi na yeye na binti yake, tukipanga nakala za risiti za EFD kwa tarehe, nyingi zimeshafifia wino. Madeni ya wateja hatukuyapata yote mpaka leo. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano, na haitamuuliza kijana wa mfumo, itakuuliza wewe. Kila Jumamosi jioni pakua faili lako, liweke mahali pawili. Na iandikwe kwenye mkataba wa laki 9 kwamba data ni yako, na kwamba akifunga biashara atakukabidhi yote.

Hukumu yangu ni hii. Kijana akipita mtihani wa misumari, wa mali kauli na wa Excel, mchukue, lakini usimlipe laki 9 kwa mkupuo. Mpe theluthi, mtumie miezi miwili mkiendelea na daftari sambamba, halafu ummalizie. Kiswahili chake ni faida kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu atakayekitumia kila siku ni shemeji yako. Akishindwa mtihani, nunua Tally halali na kompyuta moja ikae Kihonda; Dumila waandike karatasi ya mauzo ya siku, shemeji aipige picha akutumie usiku, uingize wewe asubuhi. Si ya kisasa sana, lakini itakuwa kweli. Programu za bure kama GnuCash nimezitumia na kuzipenda kwa hesabu za ofisi. Kwako hazifai kwa sababu GnuCash haina habari ya stoo. Kwa vyovyote, tafuta sasa mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, umwonyeshe mfumo kabla ya kulipa na umuulize kama ataweza kutengeneza hesabu za mwaka kutoka humo. Usisubiri Desemba, mwezi huo hawashikiki.

Kuanza, chagua tarehe moja. Siku moja kabla, funga maduka yote mawili mapema, mhesabu kila kitu hadi msumari, na muingize kama mzigo wa kuanzia. Madeni ingiza mtu kwa mtu, kiasi na tarehe. Fedha ya ada ya watoto unayoichota Kihonda nayo iandike, usiifiche ndani ya gharama za duka. Ipo sehemu yake, matumizi binafsi ya mwenye mali. Wamiliki wengi huanza mfumo kwa kuwabana wauzaji, kumbe tundu kubwa liko kwenye mkoba wao.

Sasa ni msimu wa mavuno, mahindi na mpunga vinauzwa wilaya yote ya Kilosa, Dumila ikiwemo. Mkulima aliyesema atalipa akivuna amevuna, na mwezi ujao fedha hiyo itakuwa imeshakwenda kwingine. Nenda Dumila Jumapili hii na mumeo. Kabla ya kutaja programu yoyote, kaeni na shemeji, mweke karatasi mezani, mpigie hesabu hii niliyokupigia: milioni 35 na laki 8 na elfu 40, toa hiki, toa hiki, mpaka ile elfu 40 kwa mwezi. Mwambie kwamba ulimshuku, kama moyo wako unaweza, maana naamini ameshajua. Mkubaliane mshahara wake, uandikwe, uanze mwezi huu. Halafu shikeni lile daftari, mwende naye nyumba kwa nyumba kwa wadaiwa, yeye akitangulia, kwa kuwa ndiye wanayemjua.